Sita Haikutosha

Hadi mwaka 1990, sehemu ya mashindano ya kuteleza kwenye barafu ambayo mara nyingi ndiyo iliyomtoa bingwa ilifanyika bila watazamaji. Asubuhi na mapema, katika ukumbi wenye baridi na viti vitupu, mtelezaji aliingia peke yake, akachora duara kwa makali ya chuma ya kiatu chake, akaligeukia la pili, kisha akaupita tena na tena mstari uleule kana kwamba hakuna njia nyingine duniani. Alipomaliza, majaji walitoka pembeni na makoti yao mazito, wakainama, wengine wakapiga magoti kabisa, wakaanza kuusoma mchoro uliobaki. Duara limetimia au limebonyea upande? Mistari mitatu imelaliana au imeachana? Pale alipogeuka, amebadilisha makali kwa usafi au amekwangua barafu? Wakaandika alama zao, akaitwa mwingine. Kazi hiyo ilikula saa nyingi.

Hiyo ndiyo iliyoitwa michoro ya lazima, na kwa miongo mingi ilibeba asilimia 60 ya alama zote. Miruko, muziki, mavazi, yote yanayotufanya leo tukae mbele ya televisheni wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi, yaligawana asilimia 40 iliyobaki.

Kwa aliyezaliwa juzi jambo hili ni kichekesho, lakini lilikuwa na mantiki yake. Mchezo huu una wazazi wawili ambao hawakuwahi kupatana. Mmoja ni ile mila ya Uingereza na Ulaya Kaskazini ya waungwana waliochora maumbo kwenye maziwa yaliyoganda, mwili umenyooka, mikono imetulia. Wa pili ni Mmarekani Jackson Haines, mcheza dansi aliyevuka bahari miaka ya 1860, akafika Vienna, mji uliokuwa umelewa muziki wa waltz, akaanza kucheza dansi juu ya barafu. Vienna ilimpenda. Aliwaachia watu wa huko mtindo ambao baadaye ungeenea dunia nzima, akafariki Finland mwaka 1875. Umoja wa Kimataifa wa Kuteleza, ISU, ulipoundwa Scheveningen, Uholanzi, mwaka 1892, ulirithi mila zote mbili na kuzilazimisha kuishi nyumba moja. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika St. Petersburg mwaka 1896. Washindani walikuwa wanne, na Mjerumani Gilbert Fuchs akaondoka na taji.

Kanuni za siku zile hazikusema kama mwanamke anaruhusiwa, kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kufikiri kwamba angejitokeza. Mwaka 1902, mashindano yalipofanyika London, Mwingereza Madge Syers alijiandikisha. Walipotafuta kifungu cha kumzuia hawakukiona. Akashindana na wanaume, akawa wa pili nyuma ya Msweden Ulrich Salchow. ISU ikaharakisha kuziba mwanya, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba gauni refu huficha miguu, hivyo jaji hawezi kuona kinachofanyika chini. Miaka michache baadaye wanawake walianzishiwa mashindano yao, na mwaka 1906, pale Davos, Syers akayashinda. Mwaka 1908 London iliuingiza mchezo huu kwenye Olimpiki, miaka 16 kabla ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi kuwepo. Huko Mrusi Nikolai Panin alijitoa katika shindano la wanaume akilalamikia majaji, kisha akabaki kushindana katika michoro maalumu, akachukua dhahabu. Kumbe malalamiko dhidi ya majaji na medali ya Olimpiki yalizaliwa wiki moja.

Ukitaka kujua kwa nini leo nchi moja haiwezi kuweka majaji wawili katika jopo moja, nenda Oslo mwaka 1927. Bingwa wa dunia wa wanawake alikuwa Herma Szabo wa Austria, aliyekuwa akilitwaa taji hilo mfululizo. Mpinzani wake alikuwa binti wa nyumbani, Sonja Henie, ambaye miaka mitatu kabla, akiwa na umri wa miaka 11, alishika mkia kwenye Olimpiki ya Chamonix. Majaji walikuwa watano: Wanorwei watatu, Mwaustria mmoja, Mjerumani mmoja. Wanorwei wote watatu walimpa Henie ushindi, wale wawili wakampa Szabo. Tatu kwa mbili. Szabo aliachana na mashindano ya mmojammoja, na ISU ikaweka kanuni ya jaji mmoja kwa kila nchi. Henie naye akaendelea kushinda mpaka hakuna aliyeweza kusema alibebwa: mataji kumi ya dunia na dhahabu tatu za Olimpiki, 1928, 1932 na 1936, kisha Hollywood. Taji lake la kwanza ndilo lenye doa, na doa hilo ndilo lililoacha kanuni iliyodumu.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda mrefu, michoro ikitawala na miruko ikikua pembeni. Mmarekani Dick Button alifanya mruko wa axel wa mizunguko miwili kwenye Olimpiki ya 1948, na mwaka 1952 akawa wa kwanza kufanya mruko wa mizunguko mitatu katika mashindano. Wanariadha walikuwa wanapaa. Kanuni zilikuwa bado zinatazama chini.

Aliyeuvunja utaratibu huo ni televisheni, na aliyelipia ni mwanamke asiyekuwa na kosa lolote. Beatrix Schuba wa Austria alikuwa fundi wa michoro pengine kuliko mwanamke yeyote aliyepata kuichora. Kufikia Olimpiki ya Sapporo ya mwaka 1972, uzito wa michoro ulikuwa umeshushwa hadi nusu ya alama, lakini nusu hiyo ilimtosha. Aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba katika kuteleza huru, yaani programu ya miruko na muziki, alishika nafasi ya saba na bado akavishwa dhahabu. Mmarekani Janet Lynn aliwakosha Wajapani. Alianguka katikati ya kujizungusha, akainuka akitabasamu, akaendelea kana kwamba anguko lile lilikuwa sehemu ya muziki, na majaji wakamweka wa kwanza katika kuteleza huru. Alipewa shaba. Mamilioni waliokuwa mbele ya televisheni hawakuwa wameona duara hata moja likichorwa. Walichokiona ni mtu aliyeteleza vizuri kuliko wote akisimama chini ya mtu aliyeteleza kwa kawaida tu. Ungewaelezaje?

ISU haikujaribu kueleza, ilibadilisha kanuni. Kuanzia mwaka 1973 ikaongezwa programu fupi, yenye miruko na mizunguko ya lazima inayofanywa kwa muziki, na michoro ikashuka hadi asilimia 40. Watu walisema waziwazi kwamba mabadiliko hayo yameshonwa kwa kipimo cha Janet Lynn. Katika mashindano ya dunia ya mwaka huohuo, Bratislava, Lynn alianguka katika programu fupi, ile ile iliyosemwa imetengenezwa kwa ajili yake, na taji likaenda kwa Mkanada Karen Magnussen. Baada ya hapo michoro ilikatwa polepole: asilimia 30, kisha 20. Lakini hata ikiwa imepungua iliweza kuuma. Mswisi Denise Biellmann alishinda kuteleza huru kwenye Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980 na kuondoka bila medali, kwa sababu asubuhi za michoro zilikuwa zimemtupa nafasi ya 12.

Mwaka 1988 wajumbe wa ISU walipiga kura kuifuta kabisa. Sababu ya televisheni ilijulikana, lakini ilikuwepo nyingine ya mfukoni. Kujifunza michoro kulihitaji kipande cha barafu safi kisichoguswa na mtu mwingine, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, na wenye kumbi walipata fedha zaidi kwa kuwakodishia wacheza hoki. Mara ya mwisho michoro ilichorwa katika mashindano ya dunia ilikuwa Halifax, Kanada, mwaka 1990, na aliyeishinda sehemu hiyo kwa wanawake ni Željka Čižmešija wa Yugoslavia. Nchi yenyewe haikuchukua muda mrefu kuifuata michoro. Makocha wa zamani bado wanalalamika kwamba watelezaji wa leo hawajui makali ya viatu vyao kama walivyojua wale, na ukiwatazama wa zamani kwenye filamu utawapa haki kiasi.

Michoro ilikwisha, lakini namna ya kutoa alama haikubadilika. Na hapa ndipo watazamaji wengi walipodanganyika kwa miaka mingi, kwa sababu alama ya 6.0 ilionekana rahisi kuelewa kuliko ilivyokuwa. Sita ilikuwa ukamilifu, kila mtu alilijua hilo. Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walipocheza Boléro ya Ravel pale Sarajevo mwaka 1984, majaji wote tisa waliwapa sita ya usanii, na watatu wakaongeza sita ya ufundi. Picha ya ule mstari wa sita tupu bado inaonyeshwa hadi leo.

Lakini sita hizo hazikujumlishwa. Kila jaji alitoa alama mbili, ya ufundi na ya usanii, na hesabu yake ilikuwa na kazi moja tu: kupanga foleni yake mwenyewe. Nani kwangu wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Jaji mkarimu aliyekupa 5.9 na jaji bahili aliyekupa 5.3 walikuwa sawa mbele ya kanuni, ilimradi wote wawili hawakumpa mwingine zaidi yako. Kisha foleni tisa zililinganishwa, na aliyewekwa mbele na majaji wengi akashinda. Hivyo jaji aliyemwona mtelezaji mzuri mno mapema hakuthubutu kumpa sita, maana akija aliye bora zaidi angempa nini? Akabana alama, akaacha nafasi juu. Aliyepangiwa kuteleza wa kwanza alikuwa ameshaibiwa kidogo kabla ya kufunga kamba za viatu.

Na kwa kuwa foleni ndiyo iliyohesabiwa, mtu wa tatu aliweza kubadilisha nafasi za wawili waliokwisha kuteleza na kuketi. Mfano safi kuliko yote ni fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Salt Lake City, tarehe 21 Februari 2002. Baada ya programu fupi Michelle Kwan wa Marekani alikuwa wa kwanza, Mrusi Irina Slutskaya wa pili, Sasha Cohen wa tatu, na Sarah Hughes, msichana wa miaka 16, wa nne. Nafasi ya programu fupi ilizidishwa kwa nusu, ya programu huru ikabaki ilivyo, mwenye jumla ndogo akashinda. Hughes aliteleza usiku ule kama mtu asiye na cha kupoteza, akawa wa kwanza katika programu huru: 2.0 ya awali, 1.0 ya sasa, jumla 3.0. Kwan aliyumba na kuanguka, lakini kabla Slutskaya hajaingia uwanjani alikuwa wa pili katika programu huru, yaani 0.5 na 2.0, jumla 2.5. Dhahabu ilikuwa yake. Ndipo Slutskaya akateleza wa mwisho. Majaji wakamweka nyuma ya Hughes na mbele ya Kwan. Kwan akasukumwa hadi nafasi ya tatu, jumla yake ikapanda kuwa 3.5. Slutskaya mwenyewe akapata 3.0, sawasawa na Hughes, na wanapolingana, wa mbele katika programu huru ndiye mshindi. Hughes akawa bingwa wa Olimpiki akiwa amekaa chumba cha nyuma na kocha wake, hajui hata kinachoendelea mpaka walipomwambia. Kwan alipokonywa dhahabu na mtu ambaye naye hakuipata.

Hapakuwa na hila yoyote usiku ule. Hesabu ilifanya kazi kama ilivyoandikwa. Hila ilikuwa imepita siku kumi kabla.

Minong'ono ya nipe nikupe kati ya majaji ilikuwa ya zamani, hasa katika dansi ya barafuni, ambako nafasi zilionekana kujulikana kabla muziki haujaanza. Mwaka 1998, wakati wa Olimpiki ya Nagano, jaji wa Kanada Jean Senft alichoka kunong'ona, akanasa kwa kinasa sauti mazungumzo ya simu ambamo jaji wa Ukraine Yuri Balkov alimtajia jinsi wacheza dansi watakavyopangwa. Balkov alifungiwa mwaka mmoja. Onyo lilikuwa mezani, na mchezo ukaendelea vilevile.

Usiku wa tarehe 11 Februari 2002 dhahabu ya wawili wawili ilikuwa kati ya Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, na Wakanada Jamie Salé na David Pelletier. Sikharulidze alijikwaa aliposhuka kutoka mruko mmoja. Wakanada hawakukosea popote, ingawa programu yao ilisemwa kuwa nyepesi zaidi. Ukumbi uliimba sita, sita. Majaji wa Urusi, China, Poland, Ukraine na Ufaransa waliwaweka Warusi mbele. Wale wa Marekani, Kanada, Ujerumani na Japani wakawaweka Wakanada. Watano kwa wanne. Katika mfumo ule, ukiwa na watano unayo dhahabu, na hilo ndilo lililoufanya uwe rahisi kuuzika: hukuhitaji kumnunua kila mtu, ulimhitaji mmoja wa katikati.

Mmoja huyo, kwa mujibu wa waliomshuhudia, alikuwa Marie-Reine Le Gougne wa Ufaransa. Ofisa wa Uingereza Sally Stapleford alikutana naye hotelini akilia, akisema ameshinikizwa na rais wa shirikisho la nchi yake, Didier Gailhaguet. Maelezo yaliyoenea ni kwamba kura ya Ufaransa kwa Warusi ingelipwa kwa kura ya Urusi kwa wacheza dansi wa Ufaransa, Marina Anissina na Gwendal Peizerat, ambao kweli walishinda dhahabu yao siku chache baadaye. Le Gougne aligeuka baadaye, akasema aliwapa Warusi kura kwa kuwa aliwaona bora. Gailhaguet alikana. ISU iliwafungia wote wawili miaka mitatu na kuwazuia kukanyaga Olimpiki ya 2006. Kabla ya hapo, tarehe 15 Februari, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, Jacques Rogge na rais wa ISU Ottavio Cinquanta walikuwa wametangaza dawa ya haraka: Wakanada nao wapewe dhahabu, na Warusi wabaki na yao. Dhahabu mbili kwa shindano moja. Nawahurumia Berezhnaya na Sikharulidze kuliko wote, maana hakuna aliyethibitisha kwamba walijua lolote, na bado majina yao hayatajwi bila kesi hii.

Cinquanta alitoka upande wa mbio za kuteleza, ambako saa ndiyo jaji. Haishangazi kwamba jibu lake lilikuwa kuugeuza uzuri uwe hesabu. Mfumo mpya ulijaribiwa mwaka 2003, ukapitishwa rasmi 2004, ukafika Olimpiki ya Turin mwaka 2006. Foleni zikafutwa. Kila mruko, kila mzunguko, kila msururu wa hatua ukapewa thamani ya msingi iliyoandikwa kwenye jedwali. Jopo la mafundi, wengi wao watelezaji wa zamani, lilikaa na skrini ya marudio na kutamka kilichofanyika hasa: ni mizunguko mitatu kamili au imepungua robo? Majaji wakabaki na kazi ya kuongeza au kupunguza kwa ubora, kuanzia −3 hadi +3, na kutoa alama tano za sanaa na uchezaji kwa ujumla, kila moja ikiishia 10. Alama za juu na za chini mno zilitupwa, zilizobaki zikatafutiwa wastani. Mtelezaji wa kwanza hakuibiwa tena na foleni, na mtu wa tatu hakuweza tena kuwahamisha wawili waliokaa.

Hayo yote yalikuwa mema. Lakini pamoja na mema hayo ISU iliingiza jambo la ajabu: majina ya majaji yalitenganishwa na alama zao. Hoja ilikuwa kwamba jaji asiyejulikana hawezi kulazimishwa na shirikisho lake, kwa kuwa shirikisho haliwezi kuhakikisha kama ametii. Ni hoja nzuri hadi uigeuze upande wa pili, kwamba umma nao hauwezi kuhakikisha kama amedanganya. Mchumi wa Marekani Eric Zitzewitz alichambua alama za kabla na baada ya usiri huo, akakuta upendeleo wa majaji kwa watu wa nchi zao haukupungua, bali uliongezeka. Ugonjwa ulikuwa kwenye giza, na dawa ikawa kuongeza giza.

Sochi 2014 ilimaliza ubishi. Mrusi Adelina Sotnikova alimshinda Mkorea Yuna Kim kwa 224.59 dhidi ya 219.11 mbele ya watu wa nyumbani. Kim hakukosea. Katika jopo la programu huru alikuwemo Balkov, ndiyo, yule wa Nagano, na pia Alla Shekhovtseva, mke wa Valentin Piseev aliyewahi kuongoza shirikisho la Urusi. Nani alitoa alama gani? Hakuna aliyeruhusiwa kujua. Sotnikova alikuwa na programu yenye thamani kubwa ya kiufundi na huenda alistahili. Shida ni kwamba hapakuwa na njia ya kumtetea. Malalamiko ya Korea yalikataliwa. Mwaka 2016 ISU ilipiga kura kuondoa usiri, na tangu wakati huo kila alama ina mwenyewe.

Watelezaji na makocha hawakungoja mambo hayo yatulie. Jedwali lilipochapishwa, walilisoma kama mfanyabiashara anavyosoma bei za sokoni. Mizunguko ya papo hapo ilipandishwa daraja kwa kubadili pozi, basi kila msichana akaanza kuushika mguu wake na kuuvuta juu ya kichwa, awe na mgongo wa kufanya hivyo au asiwe nao. Kisicho na bei kiliachwa. Ndiyo maana namkumbuka Mjapani Shizuka Arakawa, aliyeshinda Turin 2006. Katikati ya programu huru aliteleza polepole akiwa ameupinda mgongo nyuma, miguu imefunguka, pozi ambalo jedwali halikulipa alama hata moja. Alilibakiza kwa sababu lilikuwa zuri. Ukumbi ulipiga kelele, na wapinzani wake waliofuata jedwali neno kwa neno walikuwa nyuma yake.

Vancouver 2010, Mmarekani Evan Lysacek alimshinda Evgeni Plushenko wa Urusi bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, kwa 257.67 dhidi ya 256.36. Plushenko alifanya wa minne na kukasirika hadharani, na baadaye thamani ya miruko hiyo ikapandishwa. Pyeongchang 2018, Alina Zagitova, miaka 15, alisoma kanuni inayoongeza asilimia 10 kwa miruko ya nusu ya pili, akaipeleka miruko yake yote huko. Programu ilianza kama matembezi na kuishia kama mvua ya mawe. Alimshinda Evgenia Medvedeva kwa 239.57 dhidi ya 238.26. Toa hesabu hizo mbili, ya Vancouver na hii: tofauti ni ileile, 1.31. Mwaka huohuo ISU ikabana nyongeza hiyo ibaki kwa miruko michache ya mwisho, ikapanua alama za ubora ziwe kati ya −5 na +5, na kufupisha programu huru ya wanaume hadi dakika nne. Rekodi zote za zamani zikafungwa na hesabu ikaanza upya.

Kupandishwa kwa bei ya miruko ya minne kulizaa kizazi kipya. Mjapani Yuzuru Hanyu alikuwa wa kwanza kupita alama 300, mwaka 2015, akiwa na 322.40. Nathan Chen wa Marekani alipeleka rekodi hadi 335.30 mwaka 2019. Mwezi Septemba 2022 Ilia Malinin, naye wa Marekani, alishuka salama kutoka axel ya mizunguko minne, ambayo kwa uhalisia ni minne na nusu. Upande wa wanawake matokeo yalikuwa mazito zaidi. Mruko wa minne unampenda mwenye mwili mwembamba ambao haujakomaa, na jedwali likawa linawalipa watoto. Beijing 2022 Alexandra Trusova aliruka mitano katika programu moja na kupata fedha, nyuma ya Anna Shcherbakova. Mwenzao Kamila Valieva, miaka 15, alikutwa na dawa iliyopigwa marufuku na hatimaye akafutiwa matokeo. Kesi yake ilihusu dawa, si alama, lakini iliwalazimisha wakubwa kuangalia ni nani wanaowapandisha barafuni. Mwaka 2022 ISU iliamua umri wa chini upande hatua kwa hatua kutoka miaka 15 hadi 17, na alama tano za sanaa zikapunguzwa kuwa tatu.

Liko pia deni lililochukua zaidi ya miaka 20. Surya Bonaly, Mfaransa mweusi mwenye nguvu za kuruka kuliko wenzake wengi, alipata fedha tatu za dunia mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na dhahabu hakuipata kamwe. Chiba mwaka 1994 majaji walimweka nyuma ya Mjapani Yuka Sato kwa tano kwa nne, na Bonaly akaivua medali yake pale pale jukwaani. Nagano 1998, akiwa ameumia na hana tena matumaini, alipiga sarakasi ya kurudi nyuma na kutua kwa mguu mmoja. Sarakasi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970. Alijua atakatwa alama, akaifanya mbele ya majaji. Mwaka 2024 ISU iliondoa marufuku.

Kwa maoni yangu mfumo wa sasa, pamoja na uroho wake wa miruko, ni bora kuliko ule wa sita kwa sababu moja inayotosha. Baada ya kila shindano kubwa ISU hutoa jedwali lenye kila kipengele, thamani yake, na alama ya kila jaji kwa jina na nchi yake. Herma Szabo hakuwa na karatasi kama hiyo, wala Bonaly, wala Yuna Kim. Ukitazama Olimpiki ijayo na ukahisi mtu amebebwa, usiishie kwenye jumla inayotokea kwenye skrini. Litafute jedwali hilo, lisome safu kwa safu, kisha ndipo ubishane.